UZI: P2P ya matangazo mubashara – picha isigande nodi zikianguka au wavamizi wakiingia

#1 Fundi_Mkondo

Wakuu, huu ni uzi wa wanaorusha matangazo mubashara kwa P2P (kila mtazamaji ni nodi inayowapa wengine video), au wanaotaka kuhamia huko baada ya kuona bili ya CDN (seva za kukodi za kusambazia video). P2P ni nini tusirudie. Tujadili jambo moja: picha isigande pale watazamaji wanapoondoka kwa mkupuo, seva inapoanguka, au mtu anapoingia kwa nia ya kuharibu.

Tuwe na mfano mmoja wa kupigia hesabu. Watazamaji 20,000, wengi wako kwenye kivinjari, wanaunganishwa kwa WebRTC (kivinjari kinaongea na kivinjari moja kwa moja). Video ni HLS (video iliyokatwa vipande na kutolewa kwa HTTP) ya 1.2 Mb/s, kipande kimoja ni sekunde 4, yaani KB 600. Kila kipande kinakatwa vijipande vya KB 16, jumla 38. Kichezeshi kinakaa sekunde 24 nyuma ya tukio lenyewe, sawa na vipande sita.

Hizo sekunde 24 ndizo pochi yako. Jirani (nodi uliyounganishwa nayo) akifa, unalipa sekunde za kugundua, sekunde za kuomba kwa mwingine na sekunde za kushusha. Shambulio nalo ni hivyo hivyo. Mvamizi hana haja ya kukuzima; akikupotezea sekunde mpaka pochi ikauka, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo kinga yoyote itakayotajwa humu iulizwe: inakula sekunde ngapi, inaokoa ngapi?

Matumizi ninayopendekeza ni haya. Kijipande kikiombwa, ngoja sekunde 2. Kisipofika, omba kwa jirani mwingine, ngoja 2 tena. Kipande kikibakiza sekunde 6 kabla ya kuchezwa na bado kina matundu, achana na majirani, kachukue kilichopungua kwa HTTP kwenye seva ya akiba. Kwa nini 6? Simu yenye 3 Mb/s inashusha KB 600 kwa sekunde 1.6. Ongeza muda wa kufungua muunganisho na jaribio la pili, bado unapumua. Ukiweka 3, jaribio la kwanza likifeli umekwisha.

Kosa ninaloliona sana kwenye kodi za programu za watu ni kuiachia WebRTC ikuambie jirani amekufa. Kwa RFC 7675 (waraka wa kiwango cha intaneti), ridhaa ya muunganisho, yaani uthibitisho kwamba jirani bado anapokea, inaisha baada ya sekunde 30 bila jibu. Pochi yako ni 24. Picha itakuwa imeshaganda kabla kivinjari hakijatangaza msiba. Weka saa yako mwenyewe kwa kila ombi.

#2 Dau_Jeupe

Mkuu umeingia moja kwa moja kwenye wavu, yaani kila nodi inaomba kwa majirani wengi. Mti je? Data inasukumwa tu kutoka juu kwenda chini, hakuna kuomba-omba, na ucheleweshaji ni mdogo kuliko hizo sekunde 24.

#3 Fundi_Mkondo

Ni kweli ni wa haraka, na ndiyo sababu watu wanaupenda mpaka siku tawi linapokatika. Nodi ya juu ikianguka, wote walio chini yake wanakosa kila kitu kwa pamoja, kisha wote wanahangaika kutafuta mzazi mpya kwa wakati mmoja.

Dawa nzuri ya upande huo ni ile ya SplitStream ya mwaka 2003: unagawa video katika michirizi, tuseme 16, kila mchirizi una mti wake, na nodi moja inakuwa mzazi kwenye mti mmoja tu, kwenye mingine yote ni jani. Ikianguka, walio chini yake wanapoteza mchirizi 1 kati ya 16. Ukiweka usimbaji wa kufidia, michirizi 12 ya data na 4 ya ziada, mtu anaweza kukosa yoyote minne na picha isitikisike. Gharama yake ni thuluthi moja ya ziada ya kipimodata, siku zote, hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.

Wavu wa kuomba, kama wa CoolStreaming wa 2004–2005, unalipa tofauti. Kila nodi inawatumia majirani ramani ya ilicho nacho (kwao ilikuwa dirisha la vipande 120 vya sekunde mojamoja, biti 120 basi), kisha kila mtu anaomba anachokosa. Hakuna ziada ya kudumu, ila unakula sekunde. Kwa mpira na hotuba, ambako sekunde 20 au 30 haziumizi, mimi nachukua wavu. Kwa mnada au kamari ya papo kwa papo usitumie P2P kabisa.

#4 Heshi_Safi

Nidandie kwenye uchafuzi, maana ndiko wengi wanakoumia bila kujua. Mvamizi anajiunga kama mtazamaji wa kawaida, anatangaza kwamba ana vipande vyote, anatuma takataka. Usipokagua kabla ya kupokeza, kila jirani anageuka mchafuzi bila hiari yake. Nodi chache tu zinaweza kuharibu chaneli nzima. PPLive ya China ilipimwa hivyo na watafiti mwaka 2007, uchafu ukasambaa.

Kanuni: hakuna kijipande kinachochezwa wala kupokezwa kabla hakijakaguliwa. Utaratibu wake kwa mfano wa mleta uzi:

Mashine inayokata vipande inapiga SHA-256 (heshi, yaani alama fupi inayobadilika data ikibadilika) kwa kila kijipande. Heshi 38 za baiti 32 ni baiti 1,216. Ongeza kitambulisho cha chaneli, ngazi ya ubora, namba ya mfuatano na muda, kisha tia sahihi ya kidijitali ya Ed25519 (inatiwa kwa ufunguo wa siri, inakaguliwa kwa ule wa umma), baiti 64. Jumla ni kama KB 1.3 kwa kila sekunde 4, chini ya 3 kb/s. Ni bure kabisa. Ufunguo wa umma wa baiti 32 unakuja ndani ya ukurasa kwa HTTPS. Ule wa siri usikanyage seva ya kupokezea hata siku moja.

Orodha hiyo ikishakuwa na sahihi, ipite popote, hata kwa jirani usiyemwamini.

Usisahau namba ya mfuatano na muda. Bila hivyo mvamizi atakuletea kipande cha dakika kumi zilizopita chenye sahihi halali kabisa, na kichezeshi kitakipokea kwa mikono miwili.

Mti wa Merkle (heshi za heshi, ili kijipande kikaguliwe bila orodha nzima), kama ule wa RFC 7574, una maana pale vijipande vinapokuwa vidogo. Kwa KB 1 ungekuwa na vijipande 600, orodha kamili ni KB 19 kwa kila kipande, zaidi ya asilimia 3. Kwa KB 16, orodha iliyonyooka inatosha na kodi yake ni fupi.

#5 Nodi_ya_Pili

Swali la mgeni: WebRTC si tayari inasimba kila kitu kwa DTLS? Sahihi ya nini tena?

#6 Heshi_Safi

DTLS inahakikisha kwamba kilichotoka kwa jirani ndicho kilichokufikia. Kama jirani ndiye mwongo, imekufikishia uongo wake salama salimini.

Na kwa kuwa umegusa hapo: wapo wanaoweka heshi moja tu kwa kipande kizima. PeerTube (programu huria ya kurusha video), kwa mfano, inaandika SHA-256 za vipande kwenye faili la `segments-sha256.json`, kichezeshi kinalinganisha. Kama kipande kizima unakitoa kwa jirani mmoja, inafanya kazi, maana mwongo anajulikana. Ukikitoa kwa majirani watano, heshi ikigoma hujui ni nani kati yao, unatupa KB 600 zote, na umeshalipa sekunde. Heshi kwa kila kijipande inakupa jina la mkosaji palepale.

#7 Mwanga_wa_Fiba

Uchafuzi una dawa. Mimi kinachoniumiza kichwa ni jirani bubu: ramani yake imejaa, ukimuomba anakaa kimya, au anatoa kijipande kimoja kwa sekunde ili asionekane amekufa. Hakuna heshi itakayomkamata.

#8 Fundi_Mkondo

Huyo mnyime nafasi ya kukuumiza. Jirani mgeni apewe ombi moja tu lililo wazi kwa wakati mmoja. Akitimiza matano mfululizo ndani ya muda, ruhusu 2, baadaye 4, usivuke hapo. Akichelewa, punguza kwa nusu. Akichelewa mara tatu ndani ya dakika, mtoe. Kwa namna hiyo bubu anakula sekunde 2 za kijipande kimoja kati ya 38, na sekunde hizo ulikuwa umezitenga tayari.

Pia panga nani anaombwa nini. Vipande vya mbali, vyenye sekunde 12 na zaidi, omba kwa yeyote, ukianza na vilivyo adimu. Vyenye chini ya hapo viende kwa majirani waliokwisha kuthibitika tu. Wageni wajifunzie kwenye vile ambavyo vikikosekana una muda wa kuvitafuta kwingine.

Alama hizi zibaki kwako. Usizitangaze. Ukijenga mfumo ambamo nodi zinashtakiana, mvamizi atakuwa mshitaki namba moja, na watakaofukuzwa ni watu wema.

#9 Heshi_Safi

Hapo nakupinga kidogo. Mashtaka yenye ushahidi yanawezekana. Kila nodi iwe na ufunguo wake, na kila kijipande inachotuma kiambatane na sahihi ya "nimetuma kijipande namba fulani, heshi yake hii". Kwa 1.2 Mb/s ni vijipande kama 9 kwa sekunde. Kuthibitisha sahihi 9 hata simu ya bei rahisi haitoki jasho. Heshi ikitofautiana na orodha rasmi, unayo karatasi ya kumpelekea traka (seva inayowapa watazamaji orodha ya majirani), na hakuna wa kusingizia, maana sahihi ni ya mkosaji mwenyewe. Kwa bubu ni kweli haisaidii. Ukimya hauna sahihi.

#10 Fundi_Mkondo

Kwa uchafuzi nakubali. Nitaiongeza.

#11 Dau_Jeupe

Na mtu mmoja akija na nodi 5,000 bandia? Alama zako zote anazianza upya kila akibadilisha jina.

#12 Fundi_Mkondo

Tuanze na hesabu. Tuseme asilimia 30 ya nodi zote ni zake, nawe unachagua majirani kwa bahati nasibu. Ukiwa na majirani 4, uwezekano wa wote kuwa wake ni 0.3 mara nne kwa yenyewe, kama watazamaji 81 kwa kila 10,000. Ukiwa na 8, wanabaki kama 7 kwa kila 100,000. Kwa hiyo majirani 8 mpaka 12 wanatosha. Zaidi ya hapo simu inaanza kulemewa na miunganisho.

Hesabu hiyo inasimama kwenye neno "bahati nasibu", na mvamizi mwenye akili analishambulia neno hilo. Anajitangaza kwa kila mtu ili nafasi zako zote zijae yeye. Kwa hiyo: angalau nusu ya majirani uwachague mwenyewe kutoka orodha ya traka, wanaokugongea mlango wasizidi nusu, wanaoletwa na jirani mwenzako wasizidi watano kwa dakika, na wazee waliokuhudumia vizuri wasitolewe kumpisha mgeni hata akiwa na kasi ya ajabu.

Nasisitiza hilo la kasi. Programu nyingi zinawasogeza karibu na chanzo wale wenye upakiaji mkubwa. Mvamizi akikodi seva kwenye kituo cha data, atakuwa ndiye mwenye kasi kuliko wote, na mfumo wako utambeba wenyewe mpaka mlangoni kwa chanzo. Kisha anazima. Chanzo kipeleke kila kijipande kwa nodi 3 au 4 tofauti, na wale wa kwanza kupokea wazungushwe, wengine wapatikane kwa kura bila kuangalia kasi.

#13 Poti_3478

Watu wengi wanazuia nodi bandia kwa kuhesabu IP, nodi tatu kwa IP moja, basi. Kwetu huku hiyo ni kujifungia nje mwenyewe. Mitandao ya simu inaweka wateja wengi nyuma ya IP chache za umma. Ukihesabu IP, unawafukuza watazamaji halali na mvamizi mwenye IP za kukodi anabaki.

Kikomo kiwe kwenye kuchagua majirani, sio kwenye kuingia: kati ya majirani 10, wasizidi 2 kutoka /16 moja ya IPv4 (anwani zenye namba mbili za mwanzo sawa). Kwa IPv6 hesabu /64 nzima kama mtu mmoja, la sivyo mtu mwenye laini moja ya nyumbani ana anwani kuliko mchanga wa pwani. Mlangoni tumia tokeni: traka inatoa tokeni yenye HMAC (muhuri wa ufunguo wa siri), ya chaneli hiyo tu, inaisha baada ya dakika 5, na inatolewa kwa aliyeingia kwenye akaunti.

Jambo lingine la simu: wengi walio nyuma ya NAT ya kampuni ya simu (huko kushiriki IP moja ya umma) hawataunganika na majirani bila TURN (seva ya kati inayopitisha data). Msiwawekee TURN kwa video. Kila biti inayopita TURN unalipia kuingia na kutoka, afadhali uwape HTTP moja kwa moja. Na mtu wa bando asipakie chochote. Kupakia kunakula MB zake kama kushusha. Akigundua, anaondoka na hasira zake.

Hesabu ya hapo ni kali: kama asilimia 60 hawapakii, waliobaki 40 wanatakiwa kupakia 3 Mb/s kila mmoja ili P2P ibebe kila kitu. Hilo sahau. Lenga P2P ibebe nusu, ndipo inashuka kuwa 1.5 Mb/s kwa mtu.

#14 Mwanga_wa_Fiba

Basi nusu iko CDN, na P2P ikiyumba wote wanakimbilia CDN. 20,000 mara 1.2 Mb/s ni 24 Gb/s kwa mpigo. Nani kawaandalia hiyo? Njia yenu ya akiba ndiyo itakayozama kwanza.

#15 Fundi_Mkondo

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Njia ya akiba isiyo na breki ni shambulio unalojifanyia mwenyewe, na mvamizi akijua anachohitaji ni kuiyumbisha P2P kidogo tu.

Breki ya kwanza: ndani ya zile sekunde 6, kila kichezeshi kingoje muda wa nasibu kati ya 0 na 1.5 kabla ya kwenda HTTP. Ya pili: mafanikio ya majirani yakishuka chini ya nusu kwa vipande vitatu mfululizo, shusha ubora kwenda 360p ya 500 kb/s, 24 Gb/s zinakuwa 10. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: sio kila mtu achote. Piga heshi ya kitambulisho cha nodi pamoja na namba ya kipande, gawa kwa 5; anayebaki na sifuri ndiye mchotaji wa kipande hicho, anakichukua mapema, kikiwa bado na sekunde 16, na kuwagawia jirani. Wachotaji ni kama 4,000, sawa na 4.8 Gb/s, na zamu inabadilika kila kipande. Kitambulisho kitolewe na traka, mtu asijichagulie.

Upande wa seva, kama ni nginx, weka `proxy_cache_lock on` ili maombi elfu ya kipande kimoja yawe ombi moja kwenye chanzo. Ila `proxy_cache_lock_timeout` ya kawaida ni sekunde 5, na wewe una 6. Ishushe kuwa 2. Angalia pia 404: kichezeshi kikiomba kipande sekunde moja kabla hakijazaliwa, na CDN ikalihifadhi hilo jibu la "hakipo" kwa dakika nzima, utatafuta mvamizi usiku kucha na mvamizi ni mpangilio wako. 404 zisikae zaidi ya sekunde 1.

#16 Nodi_ya_Pili

Traka ikipigwa DDoS (mafuriko ya maombi kutoka mashine nyingi) katikati ya mechi?

#17 Poti_3478

Waliokwisha kuunganika hawapaswi kuhisi chochote, kwa sababu miunganisho ya WebRTC ikishafunguka haimhitaji traka tena. Tatizo ni kodi: soketi ya traka ikifungwa, maktaba inabomoa majirani wote "kwa usafi". Tafuta mstari huo uufute.

Traka ziwe mbili au tatu, kwa watoa huduma tofauti. Kujiunga upya kufuate sekunde 1, 2, 4, 8 hadi 60, kila moja ikichanganywa na bahati nasibu. Bila hiyo traka inafufuka, wote 20,000 wanaipiga kwa sekunde ileile, inakufa tena.

Hata bila adui, dakika ya kuanza mechi inafanana na shambulio. Watu 20,000 ndani ya sekunde 60 ni 333 kwa sekunde. Kila mmoja akituma ofa 10 za WebRTC (maombi ya kuunganika) za KB 1.5, traka inapokea 40 Mb/s za maneno matupu. Anza na ofa 4, ongeza taratibu, na sekunde 20 za mwanzo mpe kila mtu video kwa HTTP wakati anajipatia majirani.

#18 Mwanga_wa_Fiba

Majaribio sasa. Mnapimaje kabla ya siku yenyewe?

#19 Fundi_Mkondo

Vivinjari 50 visivyo na skrini kwenye mashine mbili tatu, kila kimoja ndani ya kontena lake. Chafua mtandao kwanza: `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 120ms 40ms loss 2%`. Kisha ua asilimia 30 kwa pamoja kwa `kill -9`. Rudia kwa `kill -STOP`, maana hiyo ndiyo inayofanana na bubu, na ndiyo inayoumbua saa zisizowekwa. Baadaye ziba traka kwa iptables. Tumia DROP sio REJECT, REJECT inajibu haraka na kukupa matumaini ya uongo. Mwisho weka nodi 10 zinazotuma takataka.

Pima sekunde za kuganda kwa kila mtazamaji, sehemu ya data iliyotoka HTTP, na kina cha bafa (sekunde za video zilizokwisha kushushwa) kila sekunde. Wastani utakudanganya, angalia yule wa tano kutoka mwisho. Kwangu jaribio limefeli kama bafa ya yeyote imeshuka chini ya sekunde 4, hata kama picha haikuganda.

#20 Dau_Jeupe

Nyongeza ndogo kwenye #19: netem ukiiweka kwenye eth0 hivyo inagusa kinachotoka tu. Ukitaka na kinachoingia kichelewe, pitisha kwenye ifb (kadi ya mtandao ya bandia), au weka netem upande wa pili wa veth (waya wa bandia) ya kontena. Na kama kontena zote ziko mashine moja na umeiweka eth0 ya mashine yenyewe, majirani wanaongea kupitia daraja la ndani, hujachafua kitu.

#21 Fundi_Mkondo

Sahihi mkuu. Iwekwe ndani ya kila kontena, pande zote mbili.

#22 Nodi_ya_Pili

Na hizo sahihi za Ed25519 kwenye vivinjari vya zamani visivyo nayo kwenye WebCrypto (zana za kriptografia za kivinjari)?

#23 Heshi_Safi

Beba maktaba ndogo ya JavaScript au WASM ndani ya kichezeshi. Ni sahihi moja kila sekunde 4, hata ikiwa ya polepole haitaonekana. SHA-256 ipo kwenye WebCrypto ya muda mrefu, hiyo iachie kivinjari, ila ukurasa uwe HTTPS, la sivyo `crypto.subtle` haipatikani kabisa.